Fulusi ya Chini ya Jiwe

Zama zile Kilwa ilipokuwa ikifua fulusi zake za shaba, na majogoo wakingoja muadhini amalize ndipo nao wawike, palikuwa na miji miwili jirani, Kitangi na Ukutani, na kati yake kisima kimoja. Ukaja ukame, ukame hasa, uliowasahaulisha vyura kuogelea. Fumo Shungwa wa Ukutani akakiteka kisima kwa mikuki na ngao za ngozi ya kifaru.

Mwana Mize binti Chande, mtawala wa Kitangi, hakuwa mtu wa kulala na kiu. Alivaa joho la hariri la marehemu baba yake, akajifunga upanga wa mpini wa pembe, akatoka na wapiga mishale wake. Mwanamke huyo alikuwa amefanya biashara Hindi na Sham, na hapakuwa na soko alilopunjwa mara mbili.

Kabla mshale wa kwanza haujaruka, Kadhi Mngumi, aliyeitwa kutoka mji usio na upande, aliingia kati ya majeshi na sinia la chakula chake cha mchana.

"Desturi mnaijua," alisema. "Mchimba kisima hulaza fulusi ya safari yake ndani ya chokaa mbichi, chini ya jiwe la kwanza. Babu wa Kitangi alirudi kutoka Uchina, wa Ukutani kutoka Hindi. Jiwe na lifunuliwe. Mwenye fulusi ndiye mwenye maji. Mwenzake ahame kabla ya magharibi. Na fanyeni upesi, samaki wangu anapoa."

Watu wa Fumo wakashuka. Kwa pupa yao wakazoa vyote pamoja: fulusi ya chini ya jiwe, na zile ambazo wanawake wa miji yote miwili walizitupa kisimani vizazi na vizazi kwa nadhiri. Likapanda kapu la fulusi nyeusi, zimelika kama vipande vya sabuni.

Fumo, aliyevaa joho la mikono mipana, akatia mkono kapuni, akatoa fulusi nene. "Hii hapa! Ya Hindi! Tazameni chapa ya tembo!"

"Tembo yuko wapi?" aliuliza kadhi.

"Amechakaa."

Waukutani wakapiga ngao zao. "Bibi, kafunge mizigo!"

Nyuma ya Mwana Mize vikongwe wa Kitangi walikwishaanza kukunja mikeka. Lakini yeye akasogea mbele. "Usitukane wakunga, Fumo, na uzazi ungalipo. Lete kapu."

Akatandika kitambaa, akaanza kuzipapasa kwa kidole gumba. "Hii ya Kilwa, nyepesi kama ganda la kitunguu. Hii ya Sham, aliyeipiga alikuwa na njaa, chapa imekwenda upande. Hii kifungo."

"Kifungo?"

"Cha kanzu ya askari wako. Mwambie ajifunge vizuri, kuna wanawake hapa." Kisha akainua nyingine. Ilikuwa na tundu la mraba, kama fulusi zote za Uchina, na tundu limejaa kitu cheupe, kigumu.

"Kinyesi cha ndege," alisema Fumo.

"Chini ya jiwe, kisimani? Ndege gani huyo, chura?" Akamgeukia kadhi. "Bwana wangu, niazime ndimu ya samaki wako."

Kadhi akaitoa kwa uchungu wa mtu anayetoa jino. Mwana Mize akaikamulia fulusi ya Fumo: masizi yakachuruzika, basi. Akaikamulia ile ya Uchina: weupe ukachemka, ukatoa povu, ukafoka kama chungu cha uji! Kila aliyewahi kumwaga ndimu kwenye sakafu ya chokaa alielewa. Kitangi nzima ikapiga vigelegele.

"Chokaa ya fulusi yangu imelika!" alifoka Fumo.

"Na iote jua kidogo, basi." Mwana Mize akaiweka juu ya sinia la kadhi, la shaba, lililokuwa likiungua kwa jua la adhuhuri. Nta iliyopakwa masizi ikalainika, ikadondoka, fulusi ikabaki na kitundu cha kupitishia uzi. Akaiinua; mwale wa jua ukapenya, ukatua puani pa Fumo.

Ndipo sauti ya mkewe, Mwana Kazija, ikapasua safu za Ukutani: "Shungwa! Kumbe ndiyo maana kidani changu kina pengo! Na ukamsingizia kunguru!"

Wenye mikuki wakaiegemea kwa kicheko, wa pande zote mbili.

Fumo akavua upanga, akamkabidhi Mwana Mize, tayari kuhama. Naye akamrudishia. "Watu wako hawakuiba kidani. Watateka maji kwa ruhusa yangu. Ila ndoo ya kwanza kila alfajiri utaivuta wewe, uipeleke kwa mkeo, kichwani."

Ngoma za Kitangi zililia mpaka mawingu, kwa aibu, yakaleta mvua. Waukutani wao walisimulia kwamba Fumo alikitoa kisima kwa ukarimu, na waliosimulia walikula yamini. Lakini hadi mchanga ulipoifukia miji yote miwili, mume wa Ukutani aliyeulizwa kuhusu kitu kilichopotea nyumbani hakuthubutu kumtaja kunguru.