Mume Wangu Aliujua Ugonjwa Wangu, Akatazama Viatu

Nina miaka ishirini na tisa, naishi kwa wazazi wangu Bariadi mjini na binti yangu Kabula. Niliolewa kijijini Kasoli, na mtu niliyedhani ni mwanaume!

Nilipojifungua, wazo baya liliniganda kichwani: utamkata mwanao kwa kisu. Sikutaka hata kidogo! Nilimpenda mno... lakini halikutoka. Nikaficha visu vyote, nikaacha kupika, nikaogopa hata kumwogesha.

Hospitali waliniunganisha na mwanasaikolojia aliye mbali, tukawa tunaongea kwa simu. Dada yule alisema ni ugonjwa, na nina hofu hiyo kwa sababu nampenda mtoto. Tiba ilikuwa ngumu: nilitamke wazo lile kwa sauti, tena na tena, mpaka liishiwe nguvu. Mume wangu alikuwa pembeni, akauliza maswali, akasema ameelewa. Akaahidi kuwaeleza wazazi wake.

Tuliishi kwa wakwe zangu, na pale mtandao ulishika kwenye kichuguu tu, karibu na zizi. Asubuhi moja nikasimama pale na simu, nikatamka kama nilivyofundishwa: "Nitamuua Kabula." Mama mkwe alikuwa zizini anakamua. Ndoo ikamponyoka, akapiga yowe!

Ukoo ukajaa uani. Mchawi! Anawaahidi wenzake damu ya mtoto kwa simu!

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Kabula, waeleze."

Mnajua alifanya nini? Alitazama viatu vyake. Viatu!

"Mayu, mimi sijui habari hizo," akamwambia mama yake.

Mwanaume mzima, na ndevu zake! Nikafukuzwa, Kabula akabaki akilia mgongoni kwa wifi.

Mwanasaikolojia alizungumza na baba yangu, kisha na ofisi ya ustawi wa jamii, na baada ya mahangaiko ya miezi mingi mwanangu akarudishwa. Alishanisahau, aliponiona alinikimbia... Nililia siku hiyo kuliko siku zote.

Sasa bwana mkubwa anapiga simu. Eti mama amepoa, nirudi. Kwani niliolewa na mama yake? Nilimuuliza kama viatu vile bado anavyo, nikakata.

Dada zangu, tiba ya simu inasaidia, msiikimbie. Ila tafuteni pa kuongelea, na nyumbani waelezeni ninyi wenyewe, msimtume mwoga!

Leo nakata vitunguu, Kabula amekaa miguuni pangu. Wazo lile linakuja, linanikuta na kazi, linaondoka. Simu ya baba yake inaita mezani... Mimi naendelea kukata vitunguu.