Sabuni ya Bandani

Watoto wa nguruwe walianza kuhara Jumatano, na kufikia Alhamisi asubuhi walikuwa wanakufa. Si mmojammoja, ni safu nzima. Uharo wa njano ulitapakaa sakafuni hadi buti zikateleza, na vile vidogo vilikuwa vimekauka, vimelaliana juu ya matapishi yao.

"Nani hakuoga?" Gerrit Hoekstra aliuliza.

Aliwauliza binti zake wote wawili, lakini macho yalikwenda kwa mmoja. Maren, yule mdogo, alikuwa amerudi kutoka chuoni majuzi tu kwa likizo ya kiangazi.

"Baba, mimi nimeoga. Kila siku naoga."

"Daktari wa mifugo anasema ugonjwa huu hauji na upepo. Umeingia na mtu. Na hapa nyumbani mwenye mchumba anayefuga nguruwe ni mmoja."

Sheria ya banda la kuzalia hata mtoto mdogo wa Iowa, jimbo la Marekani lililojaa nguruwe, anaijua. Unavua kila kitu mlangoni, mpaka nguo ya ndani, mpaka pete. Simu unaiacha kwenye benchi. Unapita bafuni, unajisugua kichwa hadi kisigino, unatokea upande wa pili uchi, unavaa nguo za bandani. Aliyegusa nguruwe wa mwingine haingii mpaka zipite siku tatu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kina Hoekstra watu walivua nguo zote mlangoni, na bado waliliwa.

"Dada, mwambie basi," Maren alimgeukia Joleen. "Tunaingia pamoja kila asubuhi. Umeniona."

Joleen alikuwa ameinama, anaokota mizoga na kuitupa kwenye ndoo.

"Mimi siangaliagi watu wakioga," alisema bila kuinua uso.

"Umesikia?" Gerrit alisema. "Basi kazi ya kulisha utafanya wewe. Peke yako."

Kulisha maana yake ni hivi. Unauzoa ule uharo, unauchanganya na maji kwenye ndoo, unawamiminia majike wenye mimba ili waugue sasa, wapate kinga, waje waipitishe kwenye maziwa. Ndivyo daktari alivyoagiza, na hakuna njia nyingine. Maren aliukoroga kama uji. Ulimrukia kwenye shavu. Majike waliulamba kwa furaha, wakagongagonga vyuma wakitaka waongezewe.

Jioni alimpigia mchumba wake, Brant Zylstra, ambaye mabanda yao ya kunenepeshea nguruwe yalikuwa ng'ambo ya barabara, maili moja kusini.

"Brant, Baba anasema mimi ndiye niliyeleta ugonjwa."

"Pole mpenzi wangu. Sasa si ukubali tu?"

"Nikubali nini?"

"Omba radhi, yaishe. Mzee anakupenda, atanuna wiki moja, atasahau. Ukibishana naye ataanza kuchimba."

"Si achimbe! Mimi nina nini cha kuficha?"

 "Sijasema una cha kuficha. Nasema mambo mengine yakichimbwa yananuka."

"Nguruwe wenu wazima lakini?"

"Wazima kabisa," alijibu haraka, haraka mno. "Lala, mpenzi. Desemba tutacheka haya yote."

Desemba, mahindi yakishavunwa, ndipo ilipopangwa harusi yao.

Ijumaa asubuhi Joleen alitangulia kuingia bandani. Maren akafuata, akavua, akatundika pete kwenye msumari, akafungulia maji. Sabuni ilikuwa ileile nyeusi ya lami ambayo Gerrit huiagiza kwa katoni, kali kama dawa ya panya. Kwenye wilaya ile hakuna mwingine aliyeitumia. Wengine walimcheka kwamba ananuka kama nguzo ya simu iliyopakwa lami.

Povu likiwa kichwani, mkono wake ukasimama.

Jumapili. Brant alikuwa amechelewa kanisani, akaingia watu wakiwa kwenye wimbo wa pili, nywele za kisogoni zimelowa. Akaketi kando yake. Maren akamwegemea begani, akasikia harufu ya nyumbani, na moyo wake ukafurahi. Aliwaza: huyu mwanamume ameshaanza kunukia kama sisi.

Na Jumapili, wote wakiwa kanisani, zamu ya banda ilikuwa ya Joleen.

Maren alitapika palepale, kwenye tundu la maji machafu. Alitapika mpaka ikatoka nyongo. Kisha akarudi upande alikoingilia, uchi, povu likimtiririka machoni, akachukua simu yake kwenye benchi akaandika:

"Jumapili ulinukia sabuni ya banda letu. Uliogea wapi?"

Ikaonyesha imesomwa. Jibu hakuna. Baada ya muda simu ya pili iliyokuwa kwenye benchi hilohilo ikawaka. Ilikuwa ya Joleen, na ujumbe ulikuwa wa Brant:

"Kajua. Usiseme kitu. Nakuja sasa hivi."

Maren alivaa nguo zake za nyumbani, akaichukua simu ile, akazunguka nyuma kwenye rundo la maranda ya mbao wanakozikia mizoga. Gerrit alikuwa hapo na trekta. Joleen alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, anamwaga ndoo.

"Dada, una ujumbe. Soma kwa sauti."

Joleen aliitazama simu, rangi ikamtoka.

"Maren, si hapa."

"Hapa ndipo. Harufu zinafanana."

Gerrit alizima trekta. "Kuna nini?"

Maren alizidi kumsogezea dada yake simu. 

"Haya, sawa!" Joleen alitupa ndoo chini. "Nilimfungulia Brant mlango huu wa nyuma. Kila Jumapili tangu theluji ilipoyeyuka. Mmeridhika?"

"Alioga?" Gerrit aliuliza.

"Baba!"

"Nakuuliza, alioga?"

"Alioga wakati wa kutoka, asije akanuka kanisani. Wakati wa kuingia angepitia bafuni, angeacha nguo zake mlango wa mbele, upande wa barabara, kila mpita njia angeziona."

"Kwa hiyo aliingia na buti zake."

"Na buti zake."

Gerrit alifumba macho. Habari ya mapenzi ilimpita. Buti ndizo zilizomchoma.

Pikapu ya Brant iliingia kwa mwendo wa gari la zima moto. Akashuka, akamwona mzee, akataka kupanda tena.

"Njoo hapa," Gerrit alisema. "Nguruwe wako wanahara?"

"Mzee, acha kwanza nieleze..."

"Wanahara au hawahari?"

"Walihara kidogo. Ijumaa iliyopita. Wale wakubwa wanapona wenyewe, nilidhani ni joto."

"Ijumaa ulijua. Jumapili ukaingia kwangu."

"Na jana," Maren alidakia, "ukaniambia nikubali kosa."

"Nilikuwa nakulinda, mpenzi."

"Unanilinda kwa kunibebesha mavi yako?"

"Maren, punguza sauti, tuzungumze kama watu wazima..."

"Tangu jana nakoroga uharo kama uji! Umenirukia shavuni! Na wewe upo kwenye simu unaniambia lala, Desemba tutacheka!"

Joleen alianza kulia, kilio cha hasira.

"Wewe uliondoka," alimwambia mdogo wake. "Mama alipokufa nani alibaki? Mimi. Miaka sita nanuka mavi. Hakuna mwanamume aliyewahi kukata kona aje kunitazama. Yeye alikata."

"Alikata kona kwa sababu mimi sikuwepo, Dada. Angekata hata kwa kinyago cha kutishia ndege." Maren alimsogelea. "Na hilo labda ningelisamehe. Wewe ni dada yangu. Lakini ulisimama pale ukaniona nimeshika ile ndoo. Ukaniangalia. Ukanyamaza. Hilo nalimezaje?"

 Joleen alimgeukia Brant. "Basi twende. Washa gari, tuondoke."

Brant hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama Maren.

"Nisikilize, Maren. Haki ya Mungu huyu ndiye aliyenianza. Mimi nilikuwa mpweke tu, wewe uko chuoni..."

Maren alimgeukia dada yake.

"Umesikia, Dada? Ndiye huyo uliyemfungulia mlango."

Joleen alimtazama Brant kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga gizani na sasa mwanga umekuja. Akamtemea mate kifuani, akaelekea nyumbani kufungasha.

"Pete yako iko kwenye msumari mlangoni," Maren alimwambia Brant. "Ukiitaka, kaoge kwanza."

"Maren..."

"Ondoa buti zako kwenye ardhi yangu," Gerrit alisema, na akawasha trekta.

Ugonjwa ulikaa bandani wiki tano. Kila mtoto aliyezaliwa wiki hizo alikufa, hata majike wakachoka kuwatazama, wakawa wanawalalia tu. Watoto wa nguruwe elfu moja mia moja na sita walikwenda chini ya maranda, na Maren ndiye aliyewabeba wengi wao. Harusi ya Desemba ilikwenda. Muhula wa chuo ulikwenda, kwa sababu Septemba ilipofika hapakuwa na mikono mingine ya kufanya kazi. Dada mmoja alikwenda Omaha na begi moja, na hapigi simu. Baba mmoja alibaki, hajaomba radhi hata leo. Jumapili sasa zamu ya banda anaishika baba huyo mwenyewe. Na kwenye benchi la kanisani, walipokuwa wakiketi Gerrit, Maren na Brant, anaketi Maren peke yake.