Siku Ishirini na Moja za Awinja

Jumamosi ile mji wa Kakamega ulifurika watu, hata ukikanyagwa mguu, wewe ndiwe uliyeomba radhi. Awinja alipenya katikati yao na sketi yake ya njano ya marinda, simu yenye kioo kilichopasuka kaikumbatia kama mtoto mgonjwa, mpaka kibanda cha fundi simu.

"Urudi baada ya saa moja, madam," alisema fundi, kijana mrefu wa shati jeupe na ndevu zilizochongwa. Aliitwa Khaemba.

"Saa nzima? Siwezi. Nangoja hapa hapa."

Dakika kumi hazijaisha, vidole vyake vikaanza kuteleza juu ya meza kana kwamba kioo cha simu kiko hapo. Khaemba akaviona.

"Unalalanga saa ngapi, wewe?"

"Inakuhusu?"

"Hainihusu. Lakini umevaa sweta mbele nyuma."

Awinja akacheka, kisha, jamani, akaangua kilio mbele ya watu wote. Msimcheke. Alimwambia mgeni yule yale aliyomficha hata mama yake kule Lumakanda: kwamba kulikuwa kunamchea na simu mkononi akitazama maisha ya watu, ya kwake yakimnukia uozo, kwamba moyo ulimwenda mbio bila kufukuzwa, kwamba alikuwa ameanguka somo la Takwimu, na akianguka mtihani wa marudio, chuo kikuu basi. Mshauri wa wanafunzi alimwambia ampe mtu anayemwamini simu hiyo hadi mtihani, siku ishirini na moja. Mtu huyo hakumpata.

"Niachie mimi," Khaemba alisema, akampa kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu.

Kila asubuhi ikalia.

"Umeamkaje, asali wa moyo?"

"Asali tangu lini?"

"Tangu ulie kwa kibanda changu. Umelala?"

"Kidogo."

"Kidogo ni mwanzo."

Wiki ya pili walikula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, mezani pamoja, Awinja akamnyang'anya firigisi mdomoni. Alipenda. Alipenda mzima mzima.

Halafu Patroba, fundi wa kibanda jirani, akamwonyesha Khaemba ukurasa wa Awinja mtandaoni. Kitone cha kijani, cha kuonyesha mtu yuko mtandaoni, kinawaka. Jana pia kiliwaka, na juzi. Na simu ya Awinja ilikuwa imezimwa ndani ya droo ya Khaemba.

Jioni hiyo Awinja alipopiga, alipokewa kwa baridi.

"Huyo mwingine amekununulia simu gani?"

"Mwingine gani, Khaemba?"

"Uliza kitone chako cha kijani." Akakata.

Awinja aliketi kitandani, uso umemsawijika. Mwanamume mwingine hakuwapo. Ila kila Wendy, mwenzake wa chumba, alipoenda kuoga, yeye alifungua kompyuta ya Wendy na kuzama. Zilibaki siku sita kabla ya mtihani.

"Sema ni mimi niliingia kwa akaunti yako," Wendy akamwambia. "Uongo mdogo tu, mapenzi yanapona."

"Mapenzi yatapona. Mimi je?"

Asubuhi alishuka mjini, moja kwa moja hadi kibandani.

"Hakuna mwanamume," alisema, Patroba akisikia. "Ni mimi. Nimekuwa nikiingia mtandaoni kwa siri, kwa kompyuta ya Wendy. Nimekudanganya kila asubuhi, Khaemba. Siwezi peke yangu."

Khaemba akaweka bisibisi chini.

"Heri angekuwa mwanamume, huyo ningemkung'uta." Akamshika mikono yote miwili. "Nilikuhukumu kabla sijakusikiza. Nisamehe, mpenzi. Leta vitabu, ukae hapa."

Basi Wendy akabadilisha nywila ya kompyuta, na Awinja akahamia nyuma ya kibanda. Patroba ndiye aliyekuwa mtahini, daftari kalishika, haelewi hata mstari mmoja.

"Kipeo cha pili cha... hii mdudu ni nini?"

"Sigma, Patroba."

"Haya, Sigma. Anataka nini?"

Walicheka mpaka machozi, na Takwimu zikaingia. Usingizi nao ukaja, kwanza wa saa nne, kisha wa saa saba. Siku ya mtihani alikaa akaandika hadi kengele.

Matokeo yalipobandikwa chuoni, alishuka mji mzima mbio, viatu mkononi.

"Sabini na moja! Khaemba, sabini na moja! Sasa nipe simu yangu."

Khaemba akasita. "Una hakika?"

"Siiogopi tena."

Akaiwasha. Jumbe zikamiminika kwa mamia. Hakufungua hata mmoja. Alipiga namba moja tu, akafungua spika wote wasikie.

"Mama, nimepita! Jumapili chinja kuku mkubwa, naleta mgeni."

"Mgeni gani, mwanangu?"

"Wa kunioa."

Khaemba akaruka. "We! Mimi bado sijakuuliza!"

"Basi uliza upesi, mama yuko kwa simu."

Watu walikwisha kujaa. Khaemba akajifuta mikono kwenye shati lake jeupe, akapiga goti vumbini.

"Awinja, utakubali nikuoe?"

"Nimekubali!"

Kabla yeyote hajapiga makofi, simuni vikapasuka vigelegele vya mama kutoka Lumakanda, mpaka wauza mboga wa ng'ambo ya barabara wakainuka kuitikia.