Simu Iliyojikata Yenyewe

Jamani, majirani zangu, leo sina hadithi tamu. Nina hasira, na nitaitoa hapahapa.

Mnamjua Dalali, yule wa nyumba za kupangisha, shati limenyooka, viatu vinang'aa hata barabara ikiwa tope tupu. Jioni moja alikuwa ametulia sebuleni, simu yake kubwa mkononi, akimwonesha mkewe picha za nyumba mpya aliyoipata. Mkewe anashona kifungo, binti yao anasoma, nyumba ina amani yake. Ghafla picha ikagoma kusogea. Dalali akafuta kioo kwa shati, akakipiga kofi, wapi! Upande wa chini wa kioo ulikuwa hausikii kabisa.

"Mume wangu, si bado ina waranti hiyo?" mkewe akauliza. "Irudishe dukani waitengeneze bure."

"Wataikalisha wiki nzima. Mimi nizunguke na wateja nimeshika kile kisimu chako cha vitufe? Si watasema Dalali kafulia!"

"Bora kipi, kidogo kizima au kikubwa kibovu?"

"Mama, biashara ni sura."

Basi ikawa kesho, ikawa keshokutwa. Mtu mzima akajifunza kuigeuza simu kichwa chini miguu juu ili tu aweze kuandika. Mkewe akasema mpaka mate yakamkauka, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Siku Dalali alipofika dukani hatimaye, dada wa mapokezi aliitazama risiti akatikisa kichwa.

"Waranti imeshakwisha, kaka."

"Lakini ubovu ulianza kabla!"

"Ungekuja kabla."

Dalali akafoka, akadai kumwona meneja. Meneja akaja, akasema yaleyale kwa sauti ya upole zaidi. Akatoka hapo amevimba, moja kwa moja mpaka kwa fundi wa pembeni mwa barabara. Fundi naye hakumficha kitu.

"Kioo halisi nikiagize, uniachie simu siku chache. Hiki nilicho nacho ni cha kubahatisha. Vioo hivi huwa vinajibonyeza vyenyewe."

"Weka hichohicho. Nasubiri hapahapa."

Mnaona? Aliambiwa mapema, tena na mtu ambaye angeweza kunyamaza.

Kuanzia hapo simu ikawa na akili zake. Ikampigia mama mkwe wakati Dalali yuko chooni. Mwenye nyumba mmoja alipoandika kwamba amefiwa na dada yake, simu ikamjibu kwa kikatuni kinachocheka mpaka machozi, na yule mzee akachukua nyumba zake zote akampa dalali mwingine. Hata hilo halikumfumbua macho.

Sasa nisikilizeni vizuri. Binti yake alikuwa ameomba kujiunga na chuo cha uuguzi. Tangu mdogo hakutaka kazi nyingine. Jina lake likawekwa akiba: mtu mmoja akijitoa, chuo kitampigia simu ndani ya wiki moja, na asipopokea, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Namba waliyokuwa nayo chuoni ilikuwa ya baba, kwa sababu baba alishikilia kwamba mzazi ni yeye.

"Baba, nakuomba," binti akasema, "laini yako iweke kwenye simu ya mama. Wiki hii tu."

"Na picha ninazowaonesha wateja?"

"Picha zitabaki humohumo kwenye simu kubwa, baba. Tunahamisha laini tu."

"Halafu ilie mbele za watu nichomoe kile kitu mfukoni? Acha, mwanangu. Nitaishika hii mkononi siku nzima."

Na kweli aliishika. Ikalia akiwa ndani ya nyumba tupu, anamwonesha mteja jiko. Namba ya ofisi! Ni chuo hicho! Kabla hajagusa kitu, kioo kikajibonyeza, simu ikakatika. Ikalia tena, akaivamia kwa dole gumba lenye jasho, ikakatika. Akajaribu kupiga yeye, kioo kikajaza sifuri mstari mzima.

"Chukua yangu upige," mteja akasema, akamnyooshea simu yake.

Jamani! Simu nzima, mbele ya pua yake! Mnajua alijibu nini?

"Aa, hakuna shida. Ni watu wa nyumbani tu hao, hawaishi kusumbua. Twende tukaone chumba cha kulala."

Aliona aibu, basi. Alipomaliza kumzungusha mteja ndipo akakimbia nyumbani, akachomoa laini, akaitia kwenye simu ya mkewe, akapiga chuoni.

"Tulipiga, mkatukatia," karani akasema. "Tukajua hamna haja tena. Nafasi ameshaichukua mwingine, amethibitisha sasa hivi."

"Sikukata mimi! Simu ilijikata yenyewe!"

"Pole sana, mzee."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Kwani hapakuwa na mtu wa kukuazima simu, baba?"

Dalali, mtu wa maneno, anayeweza kukusifia paa linalovuja ukalipia na kodi ya mwaka mzima, akajifanya anafuta kioo cha simu yake. Mkewe akaacha alichokuwa anafanya, akamtazama.

"Alikuwepo," Dalali akasema.

Binti akaingia chumbani akalia kama mtu aliyefiwa. Mpaka leo yuko nyumbani, anasubiri mwaka mwingine wa maombi. Binti anamsalimia baba yake kwa adabu ileile, anampelekea maji ya kuoga, akiitwa anaitika. Ila hamwombi kitu tena.

Funzo

Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hilo mmelisikia tangu utotoni, sitawachosha nalo. Kitu kikiharibika kipelekeni mapema, na mkikosa kikubwa tumieni kidogo mlicho nacho bila kuona haya. Lakini zaidi ya yote, mtu akikunyooshea msaada, pokea. Mzazi anayejali macho ya watu kuliko haja ya mwanawe, aibu anayoikimbia barabarani itamngoja nyumbani, na wa kwanza kuumia atakuwa mtoto.