Waya wa Ardhini

Friji ilikuwa imechomolewa, plagi yake imelala sakafuni, lakini fundi alipogusisha tesa ya kupimia umeme kwenye mlango wa friji, taa yake ndogo ikawaka.

Akaipangusa kwa shati, akajaribu tena. Ikawaka tena. Watu wa mtaa walimwita Bisibisi, kwa kuwa bisibisi haikubanduka sikioni mwake, na katika miaka ishirini na mitano ya kuvuta nyaya hakuwahi kuona kifaa kilichochomolewa kikabaki na umeme.

"Kuna nini?" aliuliza mwenye nyumba kutoka mlangoni.

"Hakuna kitu, mama. Tesa imezeeka kama mwenyewe, inanitania."

Mwanamke yule hakucheka. Bado alikuwa anaitwa Mama Pacha, ingawa pacha alibaki mmoja. Yule mwingine alikufa miaka miwili nyuma, jikoni humohumo. Alitoka kuoga, miguu ikichuruzika maji, akashika mpini wa friji ili achukue maji ya kunywa, umeme ukamkamata. Siku ya mazishi Bisibisi alisimama nyuma kabisa ya watu, maana aliyevuta nyaya za nyumba ile alikuwa yeye. Alipofika kwenye waya wa ardhini, ule unaoupeleka chini umeme unaovuja, baba wa nyumba alimwambia, "Huo utasubiri." Sheria za wakati ule hazikulazimisha. Bisibisi akasema, "Haya." Baada ya msiba yule baba aliondoka, na hajarudi hadi leo.

Sasa bibi mzaa mama alikuwa amelala chumba cha nyuma, mapafu yamechoka, akisaidiwa kupumua na mashine. Kila mashine ilipowashwa, taa za nyumba nzima zilififia. Wakaomba laini kubwa zaidi ya umeme. Mkaguzi alikuja, akafungua boksi la zamani, akatikisa kichwa.

"Laini kubwa mtapata," alisema, "lakini si juu ya nyaya hizi. Masharti yamebadilika. Nataka boksi jipya, swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja, na waya wa ardhini kwenye kila soketi. Bila hivyo sitii saini."

Ndipo Mama Pacha alipomtafuta Bisibisi. Mafundi mtaani walikuwa wengi, wengine wa bei nafuu kuliko yeye, na Bisibisi hakuelewa kwa nini ameitwa yeye. Aliona haya kuuliza.

Bibi alipowekewa mtungi wa oksijeni wa akiba, alizima swichi kuu, akaanza kung'oa nyaya kuukuu. Ndani ya mabomba ya ukutani akasikia kitu kinatembea, kikikwaruza kama ukucha. Akihamia sebuleni, nacho kilihamia sebuleni. Akisimama, kilisimama. Harufu ya sabuni ya kuogea ilikuja kwanza, nzuri kabisa, halafu nyuma yake ikafuata ya nywele zilizoungua.

Saa kumi alasiri pacha aliyebaki akarudi kutoka shule. Hakumwamkia mtu. Alichuchumaa mbele ya friji, akaanza kunong'ona.

"Unaongea na nani, mwanangu?" Bisibisi aliuliza.

"Na mwenzangu. Anasema mkono unamuuma, anataka nimshike."

"Ushawahi kumshika?"

"Mama amenikataza. Amesema tuongee tu."

Fundi akarudi nyuma hatua moja. Akasikia anaitwa kutoka chumba cha nyuma, kwa sauti iliyokuwa pumzi zaidi kuliko sauti.

"Fundi, sogea," bibi alisema. "Sogea, lisisikie. Yule wa kwenye friji si mjukuu wangu. Mjukuu wangu nilimwosha kwa mikono hii kabla hajazikwa. Hilo ni jini, limekuta kilio kimeachwa wazi kama mlango, likaingia. Sauti imejifunza, lakini mambo yetu haliyajui. Mtoto yule hakuwahi kuniita bibi, aliniita mke mwenza. Hilo linaniita bibi."

"Hamkuita mganga?"

"Amekuja mara mbili. Likanyamaza kimya. Alipofika getini likacheka. Mganga hapaoni linapokaa. Wewe unapaona, lipeleke ardhini."

Kesho yake Bisibisi alipigilia fimbo ya shaba ardhini, nje ya dirisha la jikoni, na kila nyundo ilipotua, kitu ndani ya ukuta kilishtuka. Akavuta waya wa kijani na njano kutoka kwenye friji hadi dirishani. Ilikuwa imebaki kuufunga kwenye ile fimbo. Mama Pacha akaja akasimama kando yake.

"Huo usiufunge," alisema kwa sauti ya chini. "Funga yote mengine, mama yangu apate kupumua. Huo wa jikoni uuache."

"Mama, siwezi."

"Unaweza. Uliwahi kuuacha. Unadhani kwa nini nimekuita wewe?"

Bisibisi alihisi kama amepigwa kofi. Maneno aliyokuwa ameyabeba miaka miwili yakamtoka yote kwa pamoja, kwamba alijua, kwamba alipaswa kukataa, kwamba tangu siku ile hajawahi kugusa mpini wa friji yake mwenyewe bila kumwona yule mtoto. Kisha akamwambia na aliyoambiwa na bibi.

"Najua si yeye," Mama Pacha akajibu. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini lina sauti yake, fundi. Mimi nitaitoa wapi sauti nyingine?"

Kabla fundi hajamjibu, jikoni mtu aliita. Ilikuwa sauti ya Mama Pacha mwenyewe, tulivu, ya upendo, na Mama Pacha alikuwa amesimama pale nje, mdomo umefumbwa.

"Mwanangu, leo nimekuruhusu. Mshike mwenzio."

Kupitia dirishani wakamwona mtoto akiinuka, akitabasamu kama mtu aliyesubiri ruhusa hiyo kwa muda mrefu, akaunyoosha mkono kuelekea kwenye mpini ambao cheche za buluu zilikuwa zinautambalia kama sisimizi, ilhali swichi kuu imezimwa, plagi iko sakafuni, na nyumba nzima haina hata chembe ya umeme wa watu.

"Funga!" Mama Pacha akapiga yowe. "Funga, fundi, funga!"

Bisibisi akauchomeka waya kwenye kibanio cha fimbo, akakaza skrubu, na waya ukapata moto viganjani mwake, ukajinyonga na kuvuta kama kamba ya mbuzi anayekataa kuchinjwa, na ndani yake akasikia zikipita sauti moja baada ya nyingine, ya mtoto akilia, ya mama akibembeleza, ya bibi akikohoa, na ya mwisho ambayo haikuwa ya mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa, mpaka zote zikazama chini na ardhi ikazifunika.

Jikoni mtoto alikuwa ameushika mpini kwa mikono miwili.

"Baridi tu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Hayupo."

Wiki ile mkaguzi alirudi na mashine yake ya kupimia, akazunguka vyumba vyote, akatia saini. Chumba cha nyuma bibi alikuwa amelala usingizi mzito, mashine ikimsaidia kupumua, taa hazififii.

"Kazi nzuri," mkaguzi alimwambia Bisibisi. "Waambie udongo wa pale kwenye fimbo usikauke. Wawe wanaumwagia maji."

Mama Pacha alisikia. Bisibisi alipokuwa anakusanya vifaa vyake, alimwona amepiga magoti chini ya dirisha la jikoni na jagi la maji, akimimina polepole, kwa uangalifu wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Maji yalipokwisha hakuinuka. Aliinama, akalaza sikio kwenye tope.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Pacha aliyebaki alisimama kizingitini na daftari lake la shule mkononi. Mapacha wale hakuna aliyeweza kuwatofautisha kwa sauti.

"Mama," akaita.

Na Mama Pacha, kabla hajageuka, akaitazama ardhi kwanza.