Aliyepita Mchujo

Maiti ya Tribhuvan Ojha ilikutwa asubuhi chini ya ngazi za nyumba ya Bi Sabharwal, mtaani Mukherjee Nagar, Delhi. Amelala chali, macho wazi, ndala moja mguuni na nyingine haionekani. Na jana yake tu, maskini, kijana wa watu alikuwa amepita mchujo wa mtihani wa utumishi wa serikali.

"Ameteleza," Bi Sabharwal, mwenye nyumba, alimwambia Inspekta Bimla Dahiya. "Nimewaambia hawa wapangaji wangu wa mtihani wasimwage maji ngazini. Hawasikii! Vichwa vyao vimejaa mito na katiba, hakuna nafasi ya kumsikiliza mtu."

"Ulimsikia akianguka?"

"Sikusikia kitu, binti yangu. Humu wanakariri kwa sauti tangu kukicha. Mtu huzoea makelele."

"Mliwahi kugombana naye?"

"Maji ya tangi tu. Nani hapa Delhi hagombani kwa ajili ya maji? Ndiyo nimuue?"

"Nani kasema ameuawa?"

Bi Sabharwal akajiziba mdomo kwa mkono.

Bimla alichutama karibu na maiti. Kisogo kilikuwa kimepasuka vibaya, lakini sakafu ilikuwa na damu kidogo mno, kama ya mtu aliyejikata wembe. Kwenye nywele kulikuwa na utelezi wa kijani. Ngazi zilikuwa kavu.

"Satbir," alimwita konstebo wake. "Utelezi kama huu unauona wapi kwenye nyumba?"

"Penye maji ya siku nyingi, afande. Kwenye tangi."

Wakapanda paani. Mlango wa paa ulikuwa na kufuli, na funguo zake walikuwa nazo watu watatu tu: Bi Sabharwal, marehemu, na Chandrakishor Pathak, aliyeishi naye chumba kimoja. Huko juu, msingi wa saruji uliobeba tangi ulikuwa umeota ukijani pande zote, isipokuwa pembe moja iliyosuguliwa ikang'aa. Wataalamu wa uchunguzi wa kisayansi walipopuliza dawa yao, damu ikajitokeza. Ndala ya pili ilikuwa nyuma ya tangi.

Mchana daktari aliyepasua maiti akapiga simu. Ojha alipigiza kisogo kwenye pembe ya saruji. Alibebwa na kushushwa ngazini baada ya kufa, na hakufa papo hapo.

"Angewahishwa hospitali?" Bimla aliuliza.

"Angeweza kupona, Inspekta. Sitaki kukudanganya."

Bimla akakata simu, akamwambia Satbir, "Neno lolote kuhusu paa lisitoke nje. Kama mtaa unasema ngazini, tuuache useme ngazini."

Alimkuta Pathak kwenye kibanda cha chai, katikati ya wenzake watano, wanafanya mazoezi ya maswali ya maarifa ya jumla. Ndivyo mtaa ule unavyoishi. Mmoja anasoma swali na majibu yake manne, wengine wanafuta yasiyofaa mpaka libaki moja. Hakuna anayekimbilia jibu sahihi, maana watunga mtihani hutega. Jibu linalokujia haraka ndilo chambo, na ukikosea unakatwa alama. Kwa hiyo wanafuta. Wanafuta wakila, wanafuta wakipanga foleni ya choo.

"Hata leo, jamani?" Bimla aliuliza akivuta benchi.

"Tukikaa kimya tutalia, afande," alisema Pathak. Alikuwa mrefu, mpole, ndevu za siku mbili. "Ojha mwenyewe angetucheka."

"Wote mmepita mchujo?"

"Mimi na Ojha tu," Pathak alijibu upesi.

"Huyu kaka ndiye mwalimu wetu," msichana mmoja alidakia. "Kwa kufuta hana mpinzani. Hujamaliza kuuliza, yeye keshamaliza."

"Hebu nimjaribu. Mimi mwenyewe niliukalia mtihani huu mara mbili, nikaanguka mara mbili, ndiyo mnaniona na kirungu."

Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Bimla akaagiza chai.

"Mto upi kati ya hii unamwaga maji Bahari ya Arabu? Mahanadi, Godavari, Narmada, Kaveri?"

"Godavari nje. Mahanadi nje. Kaveri nje," Pathak alisema bila kupumua. "Narmada."

"Nani anaongoza vikao vya baraza la juu la bunge? Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika?"

"Spika nje, huyo ni wa baraza la chini. Rais nje. Waziri Mkuu nje. Makamu."

"Ojha alifia wapi? Barabarani, chumbani, ngazini, paani?"

"Barabarani nje. Ngazini nje. Chumba..."

Msichana akageuka kumtazama. Bimla akaweka glasi chini taratibu.

"Mtaa mzima unasema ngazini. Mwenye nyumba kasema ngazini, hata muuza chai huyu ukimuuliza atakwambia ngazini. Wewe umeifuta ya pili tu, Pathak. Kwa nini?"

"Mazoea, afande. Jibu la wazi huwa..."

"Huwa chambo. Najua. Lakini mwenzako kafa, na ngazini ndiko alikokutwa. Mtu asiyejua kitu angeshikilia hapohapo."

Pathak akasimama mwenyewe, akanyoosha mikono.

Kituoni alipewa onyo la kisheria, akaambiwa ana haki ya wakili. Akasema anataka kusema sasa, asije akashindwa.

"Nimeangalia matokeo. Hukupita mchujo," Bimla alianza.

"Sikupita."

"Hii ilikuwa nafasi yako ya ngapi?"

"Ya sita. Hakuna ya saba."

"Na Ojha alijua."

"Tuliangalia matokeo pamoja usiku, kule paani. Jina lake lilipotoka hakufurahi, afande. Alinikumbatia akalia." Pathak alijifuta pua kwa kiganja. "Sisi ni wa kijiji kimoja, wilaya ya Ballia. Baba yangu anajua nimefika usaili, hatua ya mwisho. Nilimdanganya hivyo mwaka juzi. Posa ya dada yangu imekubaliwa kwa sababu kaka yake anakuwa afisa."

"Ojha akasemaje?"

"Akasema, 'Kaka, basi. Twende nyumbani. Nitakaa na wewe nikimwambia mzee, hutakuwa peke yako.' Nikamwambia asithubutu. Nikamshika miguu kumsihi. Akasema tikiti za treni ameshakata kwa simu. Nikamsukuma. Mara moja tu, afande, naapa."

"Alikuwa hai."

Pathak akainamisha kichwa.

"Nakuuliza. Alikuwa hai?"

"Alikuwa anakoroma."

"Hospitali iko nyuma ya soko!" Bimla alipiga meza, naye si mtu wa kupiga meza. "Ungepiga kelele tu, nyumba nzima ingeamka!"

"Nilikwenda mpaka mlangoni kuita watu. Halafu nikawaza, akipona atasema. Nikarudi nikakaa karibu naye, nikamshika mkono mpaka akanyamaza. Ndipo nikasugua ile pembe, nikambeba."

Bimla akatoka nje kidogo. Hakutaka mtuhumiwa amwone uso.

Kesho yake akafika baba. Mzee Pathak alikuwa karani mstaafu wa reli, shati limepigwa pasi, mfuko wa nguo begani. Bimla alimkalisha, akamweleza yote, pole pole, bila kuficha. Alipofika kwenye sababu akasita.

"Aliogopa usije ukajua kwamba anaanguka, mzee."

Mzee akauweka mfuko wake sakafuni.

"Kila mwaka alinitumia namba yake ya mtihani niipeleke hekaluni ikaombewe," alisema. "Namba ninayo, mwanangu. Ningeshindwa vipi kuangalia matokeo?"

"Ulijua?"

"Tangu mwaka juzi. Mama yake anajua. Hata wakwe wa dada yake nilikwenda kuwaambia mwenyewe, wakasema wao wanaoa binti, hawaoi kaka." Akatikisa kichwa. "Nilinyamaza nisimwaibishe. Nikasema ataniambia siku akiweza."

Satbir alifungua mlango wa mahabusu, akamwonyesha njia kwa mkono. Mzee hakusogea.

"Yuko wapi Ojha?"

"Mochwari, mzee. Mama yake bado yuko njiani."

"Nipelekeni huko kwanza," alisema Mzee Pathak, akauchukua mfuko wake. "Asimkute mwanawe yuko peke yake."