Kanda ya Hamida

Jumatatu, tarehe 9 Juni 1997, saa kumi na dakika tano jioni, Msafiri alikaa kwenye kiti chake cha kila Jumatatu, mbele ya televisheni ya kituo cha kufundishia Kiingereza pale Miyuji, akamngoja marehemu mkewe. Kwenye kioo akatokea mgeni rasmi anakata utepe.

"Umekosea kanda, mwanangu."

Mwalimu Khairat aliichomoa. Mgongoni pameandikwa kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe: Hamida.

Kituoni walifundisha kwa video. Filamu husimamishwa, wanafunzi wakarudia maneno. Kisha kila mmoja hurekodiwa akizungumza, ajione anavyokosea. Hamida, mfagiaji, aliomba naye aingie darasani. Akafariki Februari. Msafiri, mlinzi wa hapo hapo aliyeishia darasa la nne, hakuwa na kitu kingine ambamo mkewe bado anacheka.

"Haiwezekani," Khairat alisema. "Kile kipande cha plastiki cha nyuma nilikivunja mimi. Kikivunjwa, mashine haikubali kurekodi juu yake."

Msafiri aliigeuza kanda. Tundu lilikuwa limezibwa kwa gundi ya utepe, ya kahawia.

"Kabati limevunjwa?"

"Zima. Ufunguo wangu nilikwenda nao msibani Kondoa tangu Ijumaa, nimerudi leo asubuhi. Mwingine anao Mkuu."

Bwana Jamaldini, mkuu wa kituo, aliitwa. Hakukaa hata kidogo.

"Ni Fabian huyo. Si ndiye aliyepiga video ya sherehe Jumamosi? Hawa wapiga picha wa harusi wanafuta chochote. Haya, mzee, rudi lindoni."

Msafiri hakwenda polisi. Hamida alipougua walizungushwa dirisha hili na lile mpaka wakachoka. Wenye ofisi alikuwa keshawajua. Jumanne, saa tatu asubuhi, alikuwa Area D, mlangoni kwa Fabian.

"Umenifutia mke wangu."

"Shikamoo kwanza, mzee wangu! Mke yupi tena?"

"Marahaba. Wa kwenye kanda."

Fabian alipoelewa, aliweka pasi chini. "Haki ya Mungu sikujua. Saa saba na nusu niliikuta kamera ofisini kwa Mkuu, katikati ya bahasha za mitihani, kanda imo ndani tayari. Mgeni kaingia saa nane, nikapiga. Nilidhani ni mojawapo ya zile mpya."

"Mpya zipi?"

"Zile kumi. Si ziko kwenye banda la video la shemeji yake Mkuu? Maboksi yana muhuri wenu kabisa."

Katoni la kanda hizo Msafiri alilibeba yeye, mwezi Mei, wafadhili wakipiga makofi.

Saa sita mchana aliingia ofisini bila kubisha, Khairat nyuma yake. Jamaldini alikuwa anafunga bahasha za mitihani kwa gundi ya utepe.

"Naomba gundi hiyo, Mkuu."

"Unafunga nini wewe?"

Msafiri aliiweka kanda kando ya gundi. Rangi moja, upana mmoja.

"Fabian aliikuta imo kwenye kamera. Ufunguo wa mwalimu ulikuwa Kondoa. Umebaki wa nani?"

"Unanihoji? Mlinzi?"

"Na zile kumi, Mkuu?" Khairat aliuliza.

Jamaldini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Shemeji aliziazima. Angerudisha. Sasa mgeni rasmi yuko njiani, niseme kanda hakuna? Wafadhili wangeuliza zimekwenda wapi."

"Kabatini zimo kanda ishirini na tatu," Msafiri alisema. "Mbona hiyo?"

"Zile nyingine ni za watu wanaosoma. Wangelalamika." Sauti ikashuka. "Ya huyu... nikaona mwenyewe hayupo."

"Mimi nipo."

Mkuu aliinamia bahasha zake. Wiki ile Khairat aliwaandikia wafadhili. Wakajibu wakishukuru kwa sherehe nzuri. Jamaldini yuko kwenye kiti kile kile.

Lakini Jumanne ile ile, darasani, Khairat aliiacha kanda ipite hotuba yote ya mgeni, mpaka mwisho. Mistari ikacheza, halafu Hamida akatokea, kajitanda khanga yake ya zambarau. Hotuba haikufika huko. Alitazama moja kwa moja mbele, akasema maneno machache ya Kiingereza, akacheka, kioo kikawa cheusi.

"Anasema nini?" Msafiri aliuliza kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Khairat alizima televisheni. "Lilikuwa zoezi, baba. Kila mtu amuulize swali mtu wa nyumbani kwake."

"Kaniuliza nini?"

"Anauliza: leo utarudi saa ngapi?"